Orodha Iandikwe Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Mtoto wa Sekondari Kutafuta Chuo

Saiba yangu, yaani duka la kompyuta na intaneti, iko Luanda, kaunti ya Vihiga, pale barabara ya Kisumu kwenda Busia inapokata soko. Kila mwaka, dirisha la maombi ya KUCCPS, huduma ya taifa inayowapangia wanafunzi vyuo, likikaribia kufungwa, watu hujaa kwenye benchi mpaka usiku. Usiku mmoja aliingia baba na bintiye. Baba alikuwa na buti za shambani, udongo mwekundu umegandia mpaka kifundoni. Binti alikuwa ameshika karatasi ya matokeo, imekunjwa mara nne. Nilifungua ukurasa nikamuuliza anataka kusomea nini. Akamtazama baba yake, baba akanitazama mimi.

"Wewe kijana ndiwe unayejua haya mambo," mzee akasema. "Muwekee tu iliyo nzuri."

Nilikataa. Nilimpa binti penseli na karatasi, nikawaomba wakae kando waandike kwanza, nami nikahudumia wengine. Waliondoka saa nne na nusu wakiwa na orodha yao wenyewe. Lakini nilijua kwamba kazi waliyoifanya kwa saa moja ilistahili miezi. Kwenye saiba nyingi hakuna anayewakalisha kando. Anayechapa huchagua kozi anayoikumbuka, hulipwa, huita anayefuata. Mtoto huja kugundua amepelekwa wapi siku majina yanapotoka.

Ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa mzazi, mjomba, shangazi, kaka mkubwa au mwalimu mwenye mtoto wa kidato cha tatu au cha nne. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 unaelekea ukingoni: watahiniwa wa mwisho wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni wale watakaokaa mtihani mwaka 2027. Wadogo zao wa Gredi ya 10, walio kwenye mfumo mpya, huchagua mkondo mapema zaidi, yaani sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Karatasi nitakayoeleza hapa itawafaa nao pia.

Hatua ya kwanza: karatasi yenye safu tatu

Anza likizo ya kidato cha tatu. Chukua daftari la mistari, pigeni safu tatu. Ya kwanza, mtoto aandike masomo yake yote na gredi za mihula mitatu iliyopita. Aandike alichopata, asiandike anachotumaini. Ya pili, aandike kazi ambazo amewaona watu wakizifanya kwa macho yake. Ya tatu iachwe wazi kwa sasa.

Safu ya pili ndiyo hunifunza mengi. Watoto wengi huandika daktari, mwanasheria, rubani, mwalimu, basi. Si kwamba hawana akili, ni kwamba hawajaonyeshwa. Mtembeze sokoni. Yule anayeuza dawa za mifugo na kumwelekeza mkulima alisomea nini? Anayepima viwanja na kupigilia vigingi? Anayerekebisha friji za samaki kule Kisumu? Anayepima damu kwenye maabara ya kituo cha afya? Mtoto amuulize mwenyewe kwa adabu: ulisoma kozi gani, wapi, miaka mingapi, na ungeanza upya ungefanya nini? Watu wazima hufurahia sana kuulizwa hivyo na kijana. Kila jibu liingie safu ya tatu, pamoja na masomo ambayo kazi hiyo inadai.

Baada ya hapo, chora mistari kutoka safu ya kwanza kwenda ya tatu. Mahali ambapo mstari haufiki, msimvunje moyo mtoto. Bado ana muda wa kulisukuma somo hilo.

Hatua ya pili: ijue milango na gredi zake

Mlango wa digrii hufunguka kwa C+ ya jumla. Diploma ni C- kwenda juu, ingawa baadhi ya kozi hutaka zaidi: diploma ya uuguzi, kwa mfano, hutaka C ya jumla na C ya biolojia. Cheti huanzia D. Kozi za ufundi za ngazi ya chini hupokea hata walio chini ya hapo. Hakuna gredi ya KCSE isiyo na mlango, na mtoto aliyepata D- ana haki ya kuambiwa hivyo na mtu anayempenda kabla hajaanza kujificha kwa aibu.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kudhani gredi ya jumla inatosha. Haitoshi, kwa kuwa kozi nyingi zina masharti ya somo mojamoja. Anayetaka shahada ya sheria anatakiwa awe na B ya Kiingereza au Kiswahili, hata kama jumla yake ni A-. Anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari lazima awe na C+ katika kila somo kati ya mawili atakayofundisha, la sivyo TSC, tume ya kuwaajiri walimu, haitamsajili. Nimemwona kijana mwenye B ya jumla akikosa ualimu wa hisabati na fizikia kwa sababu fizikia yake ilikuwa C. Lau angejua akiwa kidato cha tatu, pengine angeipa fizikia ile saa moja ya jioni aliyokuwa akiipa historia aliyokwisha kuiweza.

Hatua ya tatu: zielewe pointi za klasta

Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, na hakuna haja. Kaa na mtoto, shika kalamu, ifanyeni hesabu hii mara moja tu.

Kila gredi ina pointi: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, mkishuka hivyo hivyo mpaka E ambayo ni 1. Jumla ya mtoto huhesabiwa kwa masomo saba, kwa hiyo upeo ni 84. Klasta nayo ni masomo manne ambayo kozi fulani huyapima, na upeo wake ni 48. Hesabu iliyozoeleka ni hii: gawanya pointi za masomo manne kwa 48, gawanya jumla ya masomo saba kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Tuchukue mtoto mwenye Kiswahili B+ (10), historia B (9), kilimo B- (8), Kiingereza C+ (7), biolojia C+ (7), kemia C (6) na hisabati C- (5). Jumla ni 52, na hiyo ni C+. Sasa aombe kozi inayopima biolojia, kemia, hisabati na lugha moja. Pointi zake nne ni 7, 6, 5 na 10, yaani 28. Hesabu inatoa takriban 28.8. Mtoto huyo huyo aombe kozi inayomruhusu kutumia Kiswahili, historia, kilimo na biolojia. Sasa ana 10, 9, 8 na 7, yaani 34, na hesabu inatoa takriban 31.8.

Mtoto ni mmoja, mtihani ni mmoja, na tofauti ni pointi tatu. Kwenye kozi zinazogombaniwa, watu huachwa nje kwa nusu pointi. Baba anayemlazimisha mtoto huyu afuate kozi ya sayansi kwa sababu jirani yake ana mtoto mfamasia amemwondolea pointi tatu kwa mkono wake mwenyewe. Na angalia tena: Kiswahili na historia zote zimevuka C+, kwa hiyo mlango wa ualimu wa masomo hayo uko wazi. Kilimo na biolojia vilevile.

Hesabu ya mkono hukusogeza karibu tu na jibu. Pointi halisi huonekana mtoto akiingia kwenye akaunti yake ya KUCCPS baada ya matokeo. Hapo atakuta pia pointi za mwisho zilizoingiza watu kwenye kila kozi miaka iliyopita. Zichukueni kama dalili, maana hupanda na kushuka kulingana na walioomba mwaka huo.

Hatua ya nne: tafuteni, kisha nendeni mkaone

Sisi wa magharibi na Nyanza tuna vyuo vingi kuliko tunavyokumbuka. Kutoka hapa Luanda, Chuo Kikuu cha Maseno ni mwendo mfupi wa boda. Kakamega kuna Masinde Muliro, Bungoma kuna Kibabii, Busia kuna Alupe, Vihiga kwenyewe kuna Kaimosi Friends, na Bondo kuna Jaramogi Oginga Odinga. Homa Bay kuna Tom Mboya, na Migori kuna Rongo. Ukielekea Nakuru kuna Egerton kule Njoro, iliyoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo na ambayo mpaka leo jina lake hutajwa pamoja na kilimo.

Lakini nawasihi, msiishie kwenye vyuo vikuu. Kisumu National Polytechnic na Sigalagala ni vyuo vya kitaifa vya ufundi. Bukura, njia ya kutoka Kakamega kwenda Butere, hufunza kilimo. KMTC, chuo cha serikali cha kozi za afya, ina kampasi Kisumu na Kakamega. Mtu aliyemaliza diploma nzuri ya umeme huanza kazi, na baadaye anaweza kurudi chuo kikuu akahesabiwa sehemu ya masomo aliyokwisha kuyafanya. Mzazi anayesema "poli ni ya walioshindwa" huwa hajaulizia fundi wa umeme anatoza kiasi gani siku hizi.

Mkishapata vyuo vinne au vitano, chagueni viwili mvitembelee siku ya kazi wakati wa muhula. Sherehe za kuhitimu hazifai, siku hiyo kila kitu kimepakwa rangi. Ingieni karakana muone kama mashine zinafanya kazi au zimefunikwa turubai. Mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa pili chini ya mti, mtoto amuulize mambo haya: walimu huingia darasani? Mazoezi ya vitendo huanza mwaka gani? Matokeo hutoka kwa wakati? Chumba cha nje ya chuo ni pesa ngapi kwa mwezi, na usalama ukoje usiku? Msichana aliulize swali hilo la mwisho kwa msichana mwenzake, mzazi ukiwa umesogea pembeni kidogo. Ataambiwa ukweli ambao mbele yako hautasemwa.

Hatua ya tano: kibali kabla ya karo

Hili nalisema kwa uchungu. Mtoto wa dada yangu alilipiwa karo mihula miwili katika chuo kimoja cha mjini, ghorofa ya tatu, bango kubwa, wasichana wa mapokezi wenye tabasamu. Ulipofika wakati wa kusajiliwa kwa mtihani wa taifa, tuliambiwa kozi ile haina usajili. Dada yangu alikuwa ameuza ng'ombe wawili. Pesa hazikurudi.

Kwa hiyo, vyuo vya ufundi viangalieni kwenye orodha ya TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo hivyo, na vyuo vikuu kwenye orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Msitosheke na jina la chuo, tafuteni jina la kozi yenyewe. Kisha kuna ukaguzi wa pili ambao wengi hawaujui: bodi za taaluma. Uhandisi una bodi yake ya wahandisi, uuguzi una baraza lake, na hivyo hivyo sheria, udaktari, famasia na maafisa wa kliniki. Chuo kinaweza kuwa halali na digrii ikawa halali, lakini bodi isipoitambua kozi hiyo mtoto hatapewa leseni ya kufanya kazi. Pigeni simu kwa bodi, au tumeni barua pepe mjibiwe kwa maandishi, mhifadhi jibu.

Wanaofikiria kuvuka Busia kwenda kusoma Uganda nao waulize CUE kwanza kama chuo na shahada hiyo vitatambuliwa hapa. Waulize kabla ya kulipa.

Hatua ya sita: mazungumzo ya pesa, milango ikiwa imefungwa

Wazazi wetu huona aibu kumwambia mtoto hali halisi ya mfuko. Mwambieni, ana umri wa kuelewa. Mtoto anayejua ukweli huchagua vizuri kuliko anayeota.

Tangu 2023, anayepelekwa na KUCCPS kwenye chuo kikuu cha umma huomba ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kwa pamoja, kwenye tovuti ya Higher Education Financing. Maswali ni kuhusu mapato ya nyumbani, idadi ya watoto wanaosoma, wazazi walio hai na mengine ya aina hiyo. Majibu humweka mwanafunzi kwenye kundi moja kati ya matano. Kwa mgao uliotangazwa 2024, familia ya kundi la kwanza hulipa asilimia 5 ya gharama ya masomo, na ya kundi la tano asilimia 40. Tuseme kozi ni shilingi 200,000 kwa mwaka na mtoto yuko kundi la tatu, ambako familia huchangia asilimia 20. Hapo mtatafuta 40,000, mbali na chumba na chakula. Mfumo huu umepingwa mahakamani na karo zimekuwa zikirekebishwa, kwa hiyo someni barua ya mtoto wenu wa mwaka huu, msitegemee hadithi ya jirani wa mwaka juzi.

Jibuni maswali kwa ukweli na kwa utulivu. Kwenye saiba, mtu aliyechoka hubonyeza jibu lolote ili ukurasa usonge, na jibu hilo linaweza kuiweka familia ya mjane kwenye kundi lisilo lake. Ikitokea hivyo, kuna nafasi ya kukata rufaa. Itumieni.

Hati ziwe tayari mapema: cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, cheti cha kifo kama mzazi amefariki, kitambulisho cha mtoto akishafika miaka 18, na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Angalieni majina sasa hivi. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Nekesa na usajili wa mtihani unasema Nakesa, anzeni kurekebisha kupitia shule mtoto akiwa bado darasani, maana baadaye herufi moja hula miezi.

Basari za NG-CDF, mfuko wa maeneo bunge, na za kaunti ombeni pia, zote mbili. Fomu hupatikana ofisi ya eneo bunge na ya wadi. Chifu au mzee wa kijiji huulizwa kuthibitisha hali ya familia, kwa hiyo msisubiri wiki ya mwisho ambapo foleni yake ni ndefu.

Hatua ya saba: siku ya kujaza

Matokeo ya KCSE hutoka Januari, na maombi hufunguliwa wiki kadhaa baadaye. Njooni saiba siku za mwanzo, asubuhi, mkiwa na orodha iliyoandikwa kwa mpangilio wa mapenzi ya mtoto. Kando ya kila kozi muwe na jina la chuo, msimbo wa kozi, na pointi za mwisho za mwaka uliopita. Ada ya maombi miaka ya karibuni imekuwa shilingi 1,500, na hulipwa kwa njia ya serikali inayoonyeshwa kwenye akaunti. Anayekuomba uitume kwenye nambari yake binafsi, mwondokee.

Namna ya kuipanga orodha ni hii: juu ya orodha muweke kozi anayoitamani ambayo pointi zake zinaigusa, hata kwa shida. Zinazofuata ziwe zile ambazo pointi zake zimevuka za mwaka uliopita. Ya mwisho iwe ile ambayo ana hakika nayo, na ambayo yuko radhi kuisoma. Hilo la kuwa radhi ni muhimu sana. Msijaze kozi kwa ajili ya kujaza tu, kwa sababu hiyo ndiyo anaweza kupewa. Wala msiache nafasi tupu.

Mtoto mwenyewe akae mbele ya kompyuta. Nywila aiweke yeye na kuiandika kwenye daftari lake. Isibaki kwa mwenye saiba, hata kama ni mimi. Kabla ya kubonyeza kutuma, asome kila mstari kwa sauti huku mzazi akifuata kwenye karatasi. Utashangaa ni mara ngapi tumekuta msimbo wa kampasi nyingine kabisa, kilomita mia tatu kutoka ile waliyoikusudia. Chapisheni nakala mbili.

Hatua ya nane: baada ya hapo

Dirisha la marekebisho likifunguliwa, ingieni mtazame. Kama kozi alizochagua zimekwisha kujaa, zibadilisheni mapema. Majina yakitoka na asipopendezwa na alikopelekwa, kuna kipindi cha kuomba uhamisho kwenda chuo kingine au kozi nyingine, ilimradi pointi zake zinafika na nafasi ipo. Kipindi hicho ni kifupi. Na mtu yeyote atakayepiga simu akisema anaweza "kumtafutia nafasi" kwa pesa ni mwizi, haijalishi anajua jina kamili la mtoto wenu na shule yake.

Yule binti wa usiku ule alirudi mwezi wa sita kuchapisha barua yake ya kujiunga. Alikuwa na ile karatasi ya penseli ndani ya bahasha, na kozi aliyopata ilikuwa mstari wa pili. Tulichapisha barua nakala tatu: moja ya chuo, moja ya ofisi ya basari, na moja baba yake aliikunja mara nne akaitia mfuko wa shati.